Mahindi Yaliyoliwa na Tembo Mikumi

Wewe uliyekaa kunisikiliza, sogea kidogo, maana siku hizi sauti yangu haifiki mbali. Nitaeleza taratibu, na nikikuacha nyuma niguse bega nirudie. Hakuna haraka. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na kila ninapolisimulia najikuta nimesahau kipande kingine ambacho kingenipunguzia lawama. Kwa hiyo usitarajie nijitetee vizuri.

Nilikuwa mtunza stoo katika kituo cha utafiti wa mazao, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Baba yangu alitoka Tabora kuja kukata mkonge. Mkonge ulipofifia yeye akabaki, akafyeka shamba, akaoa, akazikwa hukuhuku. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za kambi, nikasoma kadiri ilivyowezekana, nikapata kazi ya kutunza mbegu. Stoo yangu ilikuwa na mifuko ya nguo iliyoandikwa kwa wino, kamba za kupimia mashamba, mizani za kuning'iniza, na rafu ya madaftari ya vipimo. Harufu yake ilikuwa ya dawa ya wadudu na pumba. Mpaka leo nikifungua debe la mahindi huwa natazama kama nina ufunguo kiunoni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Kilosa, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, yalijaa sabuni na kanga. Mitumba ilimwagwa chini sokoni. Wauza mbegu walianza kupita na magari yao wenyewe. Lakini serikali nayo ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na karatasi ya majina ilibandikwa ubaoni bila taarifa. Ukiona watu wamesimama mbele ya ubao bila kuongea, ujue imebandikwa. Kwa hiyo sisi tulioajiriwa tulitembea kwa tahadhari, na mradi wowote uliokuja na fedha za wageni tuliupokea kama mvua.

Mradi mmoja ulikuja kujaribu mbegu ya mahindi inayovumilia ukame. Wakulima wa Kisanga, Msowero, Mikumi na Ulaya, kijiji cha hukuhuku chenye jina hilo, walitoa kila mmoja kipande cha shamba. Tukawapa mbegu, wakapanda, na sisi tukawa tunapima. Pamoja na mradi ule ikaja barua. Ilisema kila kituo kiwe na mtu mmoja ambaye mfanyakazi yeyote anaweza kumpelekea jambo linalomsumbua kuhusu utafiti, na mtu huyo alitunze kwa siri. Mkuu wa kituo aliisoma mkutanoni mara mbili, akatutazama, akasema, "Mama wa stoo. Yeye ana mlango unaofungwa."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Hivyo ndivyo nilivyoteuliwa. Barua ilisema nipokee na nitunze. Haikusema nikishapokea nifanye nini, na mimi sikuuliza.

Miezi ya kwanza kazi ilikuwa nyepesi. Mmoja alikuja kulalamika kwamba mbuzi wa mlinzi wamekula alizeti ya majaribio. Mwingine alitaka kujua kwa nini chai ya maabara ina sukari na ya shambani haina. Kisha wakaja watafiti wawili, kila mmoja kwa siku yake, wakigombea jina la nani litangulie kwenye chapisho lao. Niliwaomba kila mmoja alete daftari lake la kwanza kabisa la kazi ile. Walipokutana mlangoni wakiwa na madaftari mkononi, mmoja alifungua la mwenzake, akasoma kurasa chache, akasema, "Kumbe ulianza wewe." Wakaenda zao. Nilijiona nimekuwa mtu.

Ngoja nikueleze kitu kabla hatujaendelea, maana bila hicho utawahukumu watu vibaya. Katika kazi ya kupima, kukosea hakuna aibu. Mizani inalegea, mtu anasoma vibaya jua likiwa machoni, anaandika mstari wa juu kwenye mstari wa chini. Unakata kwa kalamu, unaandika upya pembeni, unatia sahihi, na kila mtu anaona ulipokosea. Aibu iko pale mtu anapoandika uzito wa kitu ambacho hakikuwahi kuning'inia kwenye mizani. Hapo hakuna cha kukata wala kusahihisha, kwa sababu karatasi ni safi. Usafi huo ndio ulioniletea yule binti.

Alikuwa mpimaji wetu wa Mikumi. Kwao Msowero, amemaliza kidato cha nne, ameajiriwa kwa msimu. Alipanga chumba karibu na barabara kuu, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba mchapaji alimpa rasimu azipitie. Mtafiti mkuu wa mradi, ambaye sote tulimwita Dokta, alikuwa amemwahidi kwamba msimu ukiisha atamwandikia barua ya kumpeleka chuo cha kilimo. Barua ile ndiyo ilikuwa kila kitu chake. Alikwisha nunua sanduku la bati la kwenda nalo bwenini. Lilikaa chini ya kitanda chake, tupu, likisubiri.

Asubuhi moja aliingia stooni akiwa na vumbi la njia ya Ulaya mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona leo? Siyo siku ya kuleta madaftari."

Akageuka akatazama nyuma yake. "Mlango unafungwa kweli?"

Nikaufunga. Akakaa juu ya gunia, akatoa rasimu ya ripoti na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

"Mama, unakumbuka tembo?"

Nilikumbuka. Wiki moja kabla ya kuvuna, tembo walitoka hifadhini wakapita kwenye mashamba ya majaribio ya Mikumi yote. Yeye alikwenda na wakulima asubuhi, wakakuta mabua yamelazwa kama mikeka. Katika daftari, mbele ya kila kipande, aliandika: Imeliwa na tembo. Haikupimwa. Sasa katika rasimu, mbele ya vipande vilevile, palikuwa na uzito.

"Labda mchapaji amekosea," nikasema.

"Mama, mchapaji gani anakosea mpaka gramu?"

"Umemuuliza Dokta?"

"Nimemuuliza. Amesema wafadhili wanataka Mikumi, kwa sababu msimu huu ukame ulipiga zaidi kule. Bila Mikumi mbegu haipitishwi. Amesema mbegu ni nzuri, na kama tembo wasingekuja ningepata uzito huohuo." Akapanga kona za karatasi. "Nimenakili madaftari yangu yote humu. Naliacha kwako. Ila naomba isitoke hapa, mama. Barua yangu ya chuo iko mkononi mwake."

"Haitatoka," nikamwambia. Nikamchemshia chai, nikamtia na sukari ya kwangu, nikamwambia amefanya vizuri kuja. Hayo yote yalikuwa kweli isipokuwa neno la kwanza.

Usifikiri Dokta alikuwa mtu mbaya. Mwanangu alipougua alimpeleka hospitali kwa gari la mradi bila kuniuliza chochote. Alikuwa anaogopa ubao kama sisi. Tena nilimwonea huruma, na labda hapo ndipo nilipoanza kupotea, kwa kutaka kumponya Dokta na kumlinda binti kwa dawa moja.

Nilifikiria kuandika kwa watu wa mradi. Lakini barua zote zilipita masjala, na karani wa masjala alisoma kila kitu kabla ya kukigonga muhuri. Simu ya posta mjini ulikuwa unapiga kelele mpaka foleni nzima ijue habari zako. Nilifikiria mkuu wa kituo, lakini yeye na Dokta walisoma pamoja. Nikakaa siku kadhaa na lile daftari ndani ya debe la majivu, ninapoweka vitu nisivyotaka mchwa avione. Ndipo nikakumbuka utani.

Kama wewe ni wa huku unajua. Kama siyo, sikiliza. Watu wa Tabora na wenyeji wa Kilosa ni watani. Mtani wako anaweza kukuambia usoni jambo ambalo ndugu yako hathubutu, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye uliyevunja ada. Dokta kwao Tabora, kama kwa baba yangu. Na dereva wa kituo alikuwa mwenyeji wa Kilosa, mtani wetu sote wawili, aliyekuwa hajawahi kunisalimia kama watu wengine.

"Mtani," alikuwa akisema akisimama mlangoni kwangu, "babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, akaomba maji, akaondoka na kata yetu. Kata iko wapi?"

"Tumechotea uji wa mazishi yenu," nilikuwa namjibu.

Siku ile nilimwita ndani. "Mtani, nina jambo. Ukiwa na Dokta garini, wawili tu, mtanie kidogo. Mwambie vipande vya Mikumi vimeliwa na tembo lakini vina uzito. Acheke, kisha arekebishe kabla ripoti haijaenda."

Akaacha kucheka. "Nani kasema?"

"Sitaji jina."

"Sawa. Hilo dogo. Nitalisema litamwingia."

Nilirudi kwenye magunia yangu nikiwa nimeridhika. Sikutaja jina. Nilijirudia hivyo siku nzima, nikijisifu. Haikunijia kwamba Mikumi nzima alikuwa anapima mtu mmoja. Ukisema vipande vya Mikumi havikupimwa umekwisha mtaja, jina la baba na kijiji anachotoka. Ilinichukua siku tisini na zaidi kulielewa jambo ambalo mtoto angeliona.

Wiki ile mlinzi wetu mzee akafariki, yule mwenye mbuzi. Naye alikuwa mtu wa Tabora, na kituo kizima kilikwenda msibani, wakaja na wa Mikumi na wa Ulaya. Asubuhi dereva alipita stooni akaazima mizani, akasema ni ya kupimia mchele wa msiba. Nikampa.

Watani ndio wanaochangamsha msiba, na yeye alijulikana kwa hilo. Jua lilikuwa juu, wanaume kwenye mabenchi, sisi wanawake kwenye mikeka tukichambua mchele. Akatokea amevaa koti la marehemu na tochi isiyo na betri, akalala katikati ya njia ya kwenda kaburini, akakoroma. Kisha akaruka. "Simama! Nani anapita? Ah, ni mbuzi wangu. Pita, mwanangu, alizeti iko kule!" Watu waliangua kicheko, hata mjane alijifunika kanga usoni mabega yakitikisika. Ndugu walimpa kuku awapishe njia. Akampokea kuku, akamtazama, akasema, "Huyu tumpime."

Akatoa mizani yangu ndani ya koti. Hakumtundika kuku. Aliiinua ikiwa tupu, akasoma kwa sauti kubwa:

"Mahindi ya Mikumi! Tembo kala, kashiba, kaenda zake kulala, na mizani bado inasoma! Dokta, njoo utie sahihi!"

Wengi walicheka bila kuelewa. Dokta naye alicheka. Alicheka sana, akafuta macho kwa leso. "Wewe mtani ni mwongo mkubwa," akasema, "mwongo kama babu zako!" Ada ilimtaka acheke naye akaitimiza. Kisha, akiwa bado anatabasamu, akageuza shingo taratibu akatazama mikeka ya wanawake.

Binti alikuwa karibu nami. Hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua ungo uleule, ingawa kokoto ziliisha zamani.

Jioni dereva alikuja kunirudishia mizani, amefurahi. "Mtani, nimelisema. Garini angelimeza. Mbele za watu hawezi kulikwepa. Kwetu ndivyo tunavyomtibu mtu." Nilitaka kumfokea, lakini yeye alitumia dawa kama alivyoijua. Aliyetoa ufunguo ni mimi. Na hasira ambayo Dokta hakuruhusiwa kumpa mtani ilibidi ipate pa kwenda.

Ripoti iliondoka na uzito wa Mikumi ndani yake. Haikupita muda tukasikia kwamba daftari la vipimo la Mikumi limepotea, na kwamba limepotezwa na mpimaji kwa uzembe. Barua ya chuo haikuandikwa. Badala yake iliandikwa nyingine, fupi, ya kutoongezewa msimu.

Mkuu wa kituo aliniita. "Maneno ya Mikumi yalianzia kwako. Nani alikuletea?"

"Siwezi kusema. Barua ya mradi inasema nitunze."

Alinitazama, nikaona uso wake unalegea, kama mtu aliyeletewa habari njema. "Vizuri," akasema. "Endelea kutunza."

Nilitoka kifua mbele. Nilidhani nimemlinda. Kumbe nakala ya daftari linalosemekana limepotea ilikuwa kwenye debe langu la majivu, kwa mwandiko wa binti, tarehe kwa tarehe. Ningeiweka mezani siku ile, neno uzembe lisingeshika. Lakini alikuwa ameniambia isitoke, nami nikaibana. Nilitoa siri ilipopaswa kukaa, nikaibana ilipopaswa kutoka, na mara zote mbili mwenye siri alikuwa hai, safari ya basi moja tu kutoka kwangu, na sikumuuliza.

Alikuja kuniaga. Alisimama mlangoni tu. "Mama, nakwenda." Nilingoja anitukane. Ningepumua. Akasema tu, "Ubaki salama," akaenda zake. Hakuomba daftari, nami kwa aibu sikulitaja.

Mbegu ilipitishwa, ikauzwa. Msimu mbaya ulipofika, mama mmoja mzee wa Kisanga alitembea mpaka kituoni akiwa na vigunzi kwenye pindo la kanga. Havikuwa hata na punje za kuhesabu. "Si mlisema inavumilia?" akaniuliza, kwa sababu mlango wangu ndio ulikuwa wazi. Nikampa maji. Aliyanywa yote, akashukuru, akaondoka na vigunzi vyake. Mwaka uliofuata jina langu lilikuwa ubaoni. Nilikabidhi funguo, nikabeba debe la majivu.

Miaka ikapita kabla sijapata ujasiri wa kwenda Mikumi. Niliambiwa ana kibanda cha chakula pale mabasi yanaposimama. Nilimkuta anageuza chapati, amenenepa kidogo, kitambaa kichwani. Akanitambua kabla sijasema.

"Shikamoo mama. Karibu ukae."

"Marahaba," nikasema, nikakaa. Alikalisha watu kwenye mabenchi, akaniletea chai, akaitia sukari bila kuuliza. Pembeni ya jiko palikuwa na sanduku la bati. Lilikuwa limejaa unga.

Nilimpa daftari. Alijifuta mikono, akalifungua katikati, akasoma kwa muda. Imeliwa na tembo. Haikupimwa. Alipitisha kidole chini ya mstari. "Nilikuwa na mwandiko mzuri," akasema.

Ndipo nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe: masjala, utani, dereva, debe la majivu, jibu langu kwa mkuu wa kituo. Alisikiliza bila kunikatiza, kama mimi nilivyomsikiliza siku ile, ila yeye vizuri zaidi.

"Mama," akasema mwishoni, "dereva ningekukataza. Ningekuambia, kila mtu atajua ni mimi. Na pale waliposema nimepoteza daftari, ningekuambia, litoe. Barua nilikwisha ikosa, nilibaki na jina tu. Nilikaa Mikumi siku tatu nikingoja uniite." Akafunga daftari. "Ungeniuliza tu."

Basi likaingia, likapiga honi, watu wakaanza kushuka wakiulizia chapati. Akafunua sanduku la bati, akalaza daftari kando ya mfuko wa unga, akafunika, akaenda kuwahudumia. Sikumwona akilia. Mimi ndiye niliyelia, na abiria mmoja akaniuliza kama moshi umeniingia machoni.

Wewe bado kijana, na utapewa siri, usipopewa kwa barua utapewa kwa kuaminiwa. Usiogope kuipokea. Siku mtu akikuletea jambo lake, kabla hajainuka kwenye kiti, muulize nani anaruhusu aambiwe na nani asiambiwe, na siku gani anataka umuulize tena. Andika majibu yake mbele yake, kwa maneno yake, kisha msomee.